Mlango wa Mfongo

Nilipiga chafya Kiboriloni, mbele ya fungu la mshare,
na kabla muuzaji hajaniambia afya
nilijua sketi imeshaniumbua.
Nikasimama palepale. Nikauliza bei niliyokwisha kuiuliza.
Nikauliza ya magimbi. Sikutaka magimbi.
Mikono ilikuwa inafunga kanga ya pili kiunoni
kana kwamba baridi ya mlima imenishukia mimi peke yangu.

Mtoto alikuwa na miezi mitano.
Mama yako, wifi, alinitunza, sisemi vibaya:
mtori asubuhi, mtori jioni, kongoro, maziwa ya kibuyu,
tumbo likafungwa mpaka pumzi ikaomba ruhusa.
Miezi mitatu sikugusa jembe wala ndoo.
Kila kilicho juu ya kitovu kilipewa chakula chake.
Chini ya kitovu hapakutajwa.

Nilimuuliza, nikiyazungushazungusha maneno.
"Ndivyo tulivyo tuliozaa," akasema,
akaendelea kumenya ndizi, kisu kikaongeza mwendo.
Ile haraka ya kisu nimekuja kuielewa baadaye.

Ndiyo maana nakuandikia, Ndeanasia, mimba ikiwa ya miezi sita,
kabla hawajaanza kukupangia ule nini.

Hospitalini, chumba cha mwisho, pazia la kijani,
yupo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bi Nakiete, Mpare,
sauti ya mtu anayesoma matangazo ya usharika.
Hakushangaa. Hilo tu lilinitoa machozi.
Akaunganisha viganja vikawa bakuli.
"Chini ya nyonga kuna misuli, imewambwa kama kitanda cha kamba.
Imebeba kibofu, mji wa mimba, na njia ya haja.
Miezi tisa imelaliwa na mgeni mzito.
Kamba zikilegea hatuchomi kitanda."

Nikaitikia kwa kichwa. Kuelewa, nilielewa nikiwa Uru,
maana mimi sikulala kitanda cha kamba. Nimekulia mfongoni.
Usiku wa zamu yetu nilimshikia baba taa
pale penye mlango wa maji: ganda la mgomba, udongo, jiwe moja.
"Usikanyage kwa hasira," alisema.
"Bana. Subiri. Kisha achia, shamba la mwenzio linangoja."

Basi vuta kwa ndani, kwenda juu,
kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja
(ila si ukiwa chooni; pale uache mwili ukojoe kwa amani).
Matako yatulie. Uso utulie. Pumzi iendelee.
Hesabu nane. Ukiishia nne, nne nayo ni namba.
Kisha achia yote. Yote, wifi.
Mfongo usiofunguliwa nao hubomoka.

Mimi hufanya nikichambua mchele, nikingoja foleni ya benki,
na katika mahubiri marefu. Mchungaji anadhani nimeguswa.
Kabla ya chafya, bana.
Kabla ya kunyanyua ndoo, bana, huku ukitoa pumzi.
Choo kikiwa kigumu usisukume; kula papai,
na maji usijinyime eti unaogopa kuvuja.
Ukihisi kitu kizito kinashuka, kama yai lisilo na pa kwenda,
usingoje mtu akuruhusu. Pazia la kijani.

Sikupona kwa siku moja.
Wiki ya sita bado nilitembea na kanga ya pili.
Wiki ya kumi na moja niliisahau nyumbani,
nikakumbuka nimefika darajani, na sikurudi.

Jana mama yako alikuja kuketi karibu nami,
akanyamaza muda wa ndizi tatu.
Kisha, macho kwenye kisu:
"Hiyo nane yenu... mtu wa miaka sitini na tano anaanzia ngapi?"
"Moja, mama."

Tukabana.
Jikoni sufuria ilichemka ikafurika,
na kati yetu hakuna aliyeinuka.